Pigo la Kapalamsenga

Mpanda,
21 Julai 2024

Mwalimu wangu Pudensiana,

Shikamoo. Nimefika salama, ingawa Kasekese tulikaa saa mbili tukisubiri tairi. Huku wanafunzi haturuhusiwi simu, kwa hiyo nitakuandikia. Barua nitampa kondakta wa basi la Karema, yule mwenye shemeji hapo kijijini kwetu.

Mwalimu, huwezi kuamini: shule hii ina timu ya kriketi! Siyo ya vijiti vya mianzi kama yetu. Kuna mkeka wa kijani wanautandika juu ya zege katikati ya uwanja, kuna kofia ngumu na pedi za miguu. Kocha anaitwa Gelasius, amewahi kucheza Dar es Salaam. Alituita wote wa Kidato cha Tano tuliowahi kucheza. Tulitokea wawili tu, mimi na Queen, msichana wa Mpanda mjini.

Nilipopewa gongo lao la kupigia mpira nilicheka. Jepesi kama mwiko! Lile la mninga alilotuchongea fundi Méthode ukilishika jioni moja mabega yanawaka moto. Hili nililizungusha kwa nguvu zangu zote, nikamaliza kupiga kabla mpira haujafika. Wenzangu wakaangua kicheko. Kocha hakucheka. Aliniuliza, "Nani alikufundisha?" Nikasimama kama niko mstarini, nikajibu, "Mwalimu Pudensiana wa Kapalamsenga." Akanitazama muda mrefu, akasema nina mabega.

Mwezi wa kumi na moja timu ya wasichana ya mkoa inakwenda Tabora. Nitakuwemo, utaona. Msalimie baba na mama, mayu wangu.

Mwanao,
Minza Masunga


Kapalamsenga,
4 Agosti 2024

Mwanangu Minza,

Marahaba sana. Barua yako nimeisoma mstarini mbele ya shule nzima, na pale ulipotaja jina langu kwa Kocha niliirudia mara mbili, Mungu anisamehe. Watoto walipiga makofi. Nimemweleza pia Mratibu Elimu Kata, aliyekuwa akiniambia naharibu muda wa watoto ufukweni.

Baba yako alikuja kuleta maziwa ya mgando. Akauliza, "Mwalimu, hiyo kriketi ina faida gani kwa mtoto wa kike?" Nikamwambia, "Mzee Masunga, subiri Tabora." Akauliza Tabora ni tarehe ngapi.

Sasa nisikilize. Usibabaishwe na mikeka na makofia. Shika nilichokufundisha tangu uko darasa la tano: uzito wote mguu wa nyuma, mikono iachane kiganja kimoja kwenye mpini, gongo lilale kama kasia, kisha vuta. Kila mpira, pigo ni lile lile. Ndivyo nilivyofundisha miaka saba.

Kwa vile magongo yao ni mepesi mno, nimemwomba Méthode akuchongee jipya la mninga. Linakuja na basi hilihili. Likupe nguvu.

Mwalimu wako,
Pudensiana


Mpanda,
25 Agosti 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Mzigo umefika, lakini nusura usifike. Uliandika juu ya kiroba "GONGO LA MINZA", na kule kizuizini askari aliposoma akadhani ni pombe. Alifungua kiroba mbele ya abiria wote. Kondakta anasema mpaka leo wanamtania.

Asante sana. Mwambie fundi Méthode limechongwa vizuri, mpini haukwaruzi.

Mazoezi yanaendelea vizuri. Nafuata yote uliyonifundisha. Tumecheza mechi mbili na shule za jirani na zote nilikuwepo.

Mwalimu, nilitaka kuuliza. Ile semina uliyokwenda ya kriketi ilikuwa ya siku ngapi?

Mwanao,
Minza


Kapalamsenga,
15 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Semina ilikuwa nzuri, na cheti ninacho ukutani, wewe mwenyewe umekiona. Maswali mengine hayajengi.

Nina habari ya kukufurahisha. Jumamosi tarehe 28 nitakuwa Mpanda kwa mambo yangu ya utumishi. Nikimaliza nitapita uwanjani kwenu nikuone ukicheza. Usimwambie Kocha kwamba ni mimi, nataka nikae pembeni kama mtazamaji tu, nifurahi kimya kimya. Nitakuletea samaki, migebuka ya kukausha.

Mwalimu wako,
Pudensiana


Mpanda,
29 Septemba 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Sijui kama utaifungua barua hii.

Jana mlinzi aliniita akanipa mfuko wa migebuka, akasema mama mmoja wa makamo ameuacha na kuondoka. Nikauliza alifika saa ngapi. Akasema, "Amekaa pale chini ya mti wa pembeni ya uwanja tangu mechi inaanza hadi inaisha." Kwa hiyo uliniona. Uliniona nikibeba ndoo ya maji, na nikibadilisha namba kwenye ubao wa matokeo, na sikuingia uwanjani hata kwa mpira mmoja.

Nilikuandikia kwamba mechi zote nilikuwepo. Ni kweli nilikuwepo. Nilikuwepo na ndoo.

Sasa nakwambia ukweli wote. Siku ile ya kwanza Kocha hakuuliza "Nani alikufundisha?" Aliuliza, "Nani alikuharibu hivi?" Na mimi nikalitaja jina lako kwa sauti, kwa sababu nilikasirika, nilitaka ajue kuwa nina mwalimu. Toka hapo kila siku ananiambia mikono yangu imeachana, gongo langu limelala, mguu wangu umekufa. Katika mipira kumi wananitoa mara nane. Vijiti vinaanguka nyuma yangu nami bado naangalia mbele. Gongo la mninga alilikataa, akaliweka stoo. Kila akinirekebisha mimi narudi kwenye ulichonifundisha, maana nikiacha naona kama nakukana mbele ya watu.

Ningeandikaje haya, Mwalimu, wakati barua zangu unazisoma mstarini?

Nisamehe.
Minza


Kapalamsenga,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Minza,

Barua yako nimeifungua hukohuko kituoni, sikuweza kusubiri kufika nyumbani.

Kweli nilikaa chini ya ule mti, na kweli niliumia. Mwanzo niliumia kwa hasira. Nikasema huyu Kocha anamdharau mtoto wa kijijini. Mechi ilipoisha nikamfuata, nikajifanya mzazi tu. Nikamuuliza, "Yule msichana mrefu wa maji, mbona humchezeshi?" Akaniambia, "Mama, yule ana nguvu kuliko wote hapa. Lakini alifundishwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo huu."

Niliondoka kwa sababu alisema kweli.

Uliniuliza semina ilikuwa ya siku ngapi nikakukaripia. Ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza tulijiandikisha, tukasikiliza hotuba. Siku ya pili mvua ilinyesha asubuhi mpaka jioni, hatukutoka ukumbini, wakatupa chakula na vyeti. Mwezeshaji alitugawia karatasi moja yenye picha ya mtu ameshika gongo. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, huoni hata uso. Nikarudi Kapalamsenga, nikaibandika karatasi ile ubaoni, nikawa mwalimu wa kriketi. Yote niliyokufundisha, mikono, mguu wa nyuma, kasia, yalitoka kwenye picha ile. Kwa miaka saba watoto wangu wamesimama kama kivuli cha mtu nisiyemjua.

Ningeweza kunyamaza. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Lakini nimesahihisha madaftari ya watoto kwa kalamu nyekundu miaka thelathini na moja, sasa langu limepata alama ya kukosa nilifiche wapi?

Kwa hiyo sikiliza, hii ni amri ya mwalimu wako. Tupa nilichokufundisha. Hunikani. Mtii Kocha. Na kila anachokufundisha uniandikie, kwa maneno ya kueleweka, maana hapa nina wasichana kumi na wanne ufukweni ambao nimewaharibu kama nilivyokuharibu wewe, na sitaki waendelee hivyo hata wiki moja.

Barua hii na zako zote zijazo sitazisoma mstarini bila wewe kukubali.

Mwalimu wako, na kuanzia leo mwanafunzi wako,
Pudensiana


Mpanda,
13 Oktoba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nimelia, halafu nimeenda mazoezini.

Haya, daftari tayari? Tuanze na mikono. Laza gongo chini, mpini ukuelekee, liokote kama unavyookota shoka unapotaka kupasua kuni. Vile mikono itakavyojikuta, ndivyo. Pamoja, isiachane. Mkono wa juu ndio unaongoza, wa chini unasaidia tu. Mimi mkono wangu wa chini ulikuwa mbabe, unapora kila kitu. Kocha akaniambia niuweke mgongoni, nipige mipira mia kwa mkono mmoja wa juu. Kesho yake nilishindwa hata kushika kalamu.

Halafu kichwa. Kisitikisike. Mpira ukianguka karibu yako, mguu wa mbele uufuate, upige mpira ukiwa chini ya macho yako, na gongo lishuke wima, lisilale.

Na nguvu. Hapa nilikuwa nakuandikia hivi: "Nguvu haitoki mabegani, inatoka chini." Kalamu ikagoma. Chini wapi? Nikaona nitakuandikia kitu nisichokijua, na wewe utawapa watoto. Nikarudi kwa Kocha nikamuuliza. Akashangaa, maana sijawahi kumuuliza swali tangu nije. Akanisimamisha, akanionyesha: inaanzia kwenye mguu unaokanyaga, inapanda kiunoni, kiuno kinageuka, mabega yanafuata, mikono inafika ya mwisho kabisa. Mimi nilikuwa naanza na mikono, mwili unabaki nyuma unashangaa. Ndiyo maana nilikuwa nawahi. Sasa kabla ya kushusha gongo nasema "moja" moyoni, ndipo nashusha.

Alhamisi nilisema "moja", nikashusha. Mwalimu, sikuhisi kitu mkononi! Mpira ulimpita mrushaji pembeni ya goti lake, ukaenda mpaka kwenye michongoma. Queen akapiga yowe. Kocha akasema, "Rudia." Nikarudia.

Kinachonishinda sasa ni mpira mfupi, ule unaodunda mbali na kuja kifuani. Hapo sijui niweke wapi gongo lililo wima. Nainama tu.

Nakubali usome mstarini, isipokuwa pale nilipolia.

Minza


Kapalamsenga,
20 Oktoba 2024

Minza mwanangu,

Marahaba. Nilisoma yote, hata pale ulipolia, kwa kuwa nilitaka watoto wajue kwamba kulia na kwenda mazoezini vinawezekana siku moja.

Unajua siku za mbalamwezi wavuvi hawaendi kutafuta dagaa, na sakafu ya saruji ya kuanikia pale mwaloni, wanakoegesha mitumbwi, inabaki tupu. Wiki hii mwezi ulikuwa mpevu, basi kila jioni saa kumi tukahamia pale badala ya mchangani. Ndipo nikaelewa shida yako. Kwenye mchanga mpira hauruki, unakuja chini miguuni. Kwenye saruji ukidunda unakupanda mpaka kifuani. Watoto wote walikuwa wanainama kama wewe.

Wote isipokuwa Vénérande, binti wa fundi Méthode. Yeye alisahau maelekezo mapya, akarudi kwenye mambo yetu ya zamani: akarudisha mguu nyuma, akalaza gongo, akavuta. Ila mikono alikuwa ameiweka pamoja kama ulivyoandika. Mpira ukaruka juu ya chanja za dagaa ukatua kwenye mitumbwi. Nikafungua mdomo nimkaripie, nikaufunga.

Nilikwenda nyumbani nikaitoa ile karatasi sandukuni. Nikaiangalia kwa miwani. Mbele ya yule mtu kuna vidoa vidoa, ambavyo miaka yote nilidhani ni uchafu wa mashine. Si uchafu, Minza. Ni njia ya mpira. Unatoka kwa mrushaji, unadunda mbali, unapanda kifuani. Picha haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya mpira mmoja tu, ule mfupi, na mimi niliufanya kuwa mipira yote.

Muulize Kocha, kwa adabu: mpira mfupi ukija, je, mtu hawezi kurudi nyuma akavuta? Kama atakataa, mtii.

Baba yako alikuwepo mwaloni. Alisimama na fimbo yake mpaka tulipomaliza.

Mwalimu wako,
Pudensiana


Mpanda,
3 Novemba 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nimo kwenye timu! Jina langu ni la mwisho kwenye orodha, lakini limo.

Nilimuuliza Kocha. Akasema pigo hilo lipo na lina heshima yake, lakini kwangu bado. "Kulaza gongo kumekuponza miezi miwili. Ukionja tena utalirudia kwa kila mpira. Tabora utacheza wima." Nikaitikia.

Lakini jioni, yeye akiwa ameshaondoka, Queen ananirushia mipira mifupi na mimi navuta. Ishirini kila siku. Sijui kama huko ni kutii. Tunaondoka Alhamisi kwa treni.

Minza


Ndani ya treni kutoka Tabora,
11 Novemba 2024

Mwalimu wangu Pudensiana,

Shikamoo. Mwandiko utanisamehe, behewa linatikisika.

Mechi yetu na Kigoma ilikuwa Jumamosi. Walipata mikimbio tisini na tano. Sisi tulianza vizuri, halafu wapigaji wetu wakawa wanatoka mmoja mmoja kama nguo zinazoanuliwa. Niliitwa ikiwa imebaki mipira ishirini na tunahitaji mikimbio ishirini na saba. Nilipofika katikati Queen alikuwa upande wa pili. Akaja akaniambia, "Cheza mpira, Minza. Usicheze watu."

Mpira wa kwanza ulikuwa wa karibu. Moja, nikashusha. Ukavuka mstari wa uwanja: nne, moja kwa moja. Unaofuata nikapata miwili. Kumbe wale Kigoma wana akili. Kapteni wao akamnong'oneza mrushaji, na kuanzia hapo ikawa mifupi tu. Wa kwanza ukapita mbele ya kidevu changu. Wa pili nikainama. Watu wakaanza kuzomea. Mipira miwili imepotea, na mimi mikono inaniwasha, maana nilijua cha kufanya na sina ruhusa.

Nikamtazama Kocha. Alikuwa amesimama pembeni ya mstari. Tulitazamana, sijui kwa muda gani. Kisha akainua mkono wake, akaulaza hewani, hivi, kama mtu anayefuta meza.

Mwalimu, nilirudisha mguu nyuma. Mikono pamoja. Kiuno kikatangulia. Nikavuta. Mpira ulipita juu ya hema la wageni, waamuzi wakainua mikono yote miwili. Sita! Mrushaji akadhani ni bahati, akaleta mwingine palepale. Nne. Baada ya hapo hawakujua tena waniletee upi. Wa mbali navuta, wa karibu nashusha wima. Tulimaliza ikiwa imebaki mipira miwili. Mimi nilikuwa na ishirini na mbili na hawajanitoa.

Jumapili wenyeji walitufunga, nao walistahili. Lakini walipotangaza timu ya kanda walisoma majina mawili ya Katavi: Queen, na Minza Masunga wa Kapalamsenga. Hawakusema wa Mpanda. Nilimwomba Kocha aandike hivyo kwenye fomu, akaandika.

Jana usiku wakati wa chakula Kocha alikaa karibu yangu. Nikamweleza kila kitu: mazoezi ya siri na Queen, karatasi, vile vidoa, sakafu ya mwalo, na yule mama aliyemuuliza maswali Septemba kuwa ndiye wewe. Aliacha kula. Akasema, "Nilimwambia maneno yale usoni?" Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Na yeye akaenda kujifunza." Ameniomba nikuulize kama anaweza kuja Kapalamsenga likizo ya Desemba, alale siku tatu, alete mkeka na mipira ya kweli. Anasema anataka kuwaona wasichana waliojifunza kriketi kwa barua.

Mwambie baba. Mwambie polepole, asije akaacha ng'ombe njiani.

Mwanao,
Minza


Kapalamsenga,
17 Novemba 2024

Mwanangu Minza,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Kocha aje. Mwambie sina kinyongo, chumba kipo, na migebuka ipo. Aje na kalamu pia, nina maswali kurasa nne.

Baba yako nilimsomea barua Jumatano zizini. Pale kwenye sita alinizuia. "Soma tena hapo, Mwalimu." Nikasoma. Akaniuliza hema lilikuwa na urefu gani. Nikasema hukuandika. Akasema, "Litakuwa refu." Jana nimesikia mnadani anawaambia wenzake kwamba hema lile lilikuwa la ghorofa. Sikumsahihisha.

Sasa na mimi nina jambo la kukwambia, ambalo sijamwambia mtu. Katika miaka yote saba hujawahi kuniona nikipiga mpira. Ulidhani ni kwa sababu ya umri, au sketi, au hadhi ya ualimu. Ni kwa sababu sikuwahi. Hata mara moja. Niliogopa nikikosa mbele yenu mtajua sijui. Nilisimama pembeni na filimbi, nikaamuru.

Ijumaa, baada ya kuwasomea watoto barua yako yote, nilivua viatu nikaingia katikati. Nikamwambia Vénérande, "Nirushie, na usinionee huruma." Hakunionea. Mpira wa kwanza ukaangusha vijiti. Wa pili ukaangusha vijiti. Watoto walikuwa wamenyamaza kama wako kanisani, hawajui kama inaruhusiwa kucheka. Nikawaambia, "Chekeni!" Wakacheka, nami nikacheka, na nikavisimamisha vijiti kwa mkono wangu.

Wa tatu ulikuja karibu. Nikasema "moja", kwa sauti, hadi wavuvi wakageuka. Nikapeleka mguu. Nikashusha.

Haukwenda mbali. Ulimpita Vénérande ukaviringika mpaka kwenye maji, ukasimama hapo unaelea. Lakini sikuhisi kitu mkononi, Minza, kama ulivyosema. Nina miaka hamsini na saba, nimepiga mpira wangu wa kwanza, na aliyenifundisha ni wewe.

Pudensiana